Siri ya Wakili na Haki ya Raia Kujua

Mwananchi anapokwenda ofisini kuuliza habari za shamba lake lililotiwa alama za upimaji, au za ufuo ambao jana ulikuwa wa wavuvi wote na leo umezungushiwa ua, huenda akajibiwa kwa maneno machache: "Jalada liko kwa mwanasheria." Jibu hilo halina ukali wala dharau. Karani hulitamka kwa adabu, na mwananchi hulipokea kwa adabu akarejea kwake. Lakini jalada likishaingia huko huwa kama nanga iliyokatika kamba: kila mtu ajua kwamba imo majini, na hapana awezaye kuipandisha.

Jambo hili ndilo tunalotaka kulizungumza leo, na tunalizungumza na pande mbili kwa pamoja: wakaazi wa visiwa, ambao ndio waulizaji, na maofisa wa Serikali, ambao ndio waulizwa. Sheria imeweka kinga juu ya mazungumzo ya wakili na mteja wake, yasitolewe kwa mtu mwingine pasipo ridhaa ya mteja. Je, Serikali nayo, inapotafuta ushauri wa kisheria katika mambo ya umma, yaweza kuitumia kinga hiyo kumnyima raia habari za mambo yanayomhusu? Na ikiwa yaweza, mpaka wake uko wapi?

Yafaa kwanza tuseme bila kusita kwamba kinga yenyewe ni njema, wala si uzushi wa jana. Mahakama za Uingereza zilianza kuitambua tangu karne ya 16. Iliandikwa katika Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo wakoloni waliieneza hata katika pwani hii, na imo mpaka sasa katika sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania. Maana yake ni nyepesi kufahamika. Mtu aliyeshitakiwa, au aliyedhulumiwa urithi, hawezi kupata ushauri wa kweli ila amweleze wakili wake mambo yote, mema na mabaya. Akiogopa kwamba maneno yake yatapelekwa kesho mbele ya hakimu, atasema nusu na kuficha nusu, na wakili atashauri gizani. Mnyonge ndiye anayeihitaji zaidi kinga hii, kwani mwenye nguvu ana njia nyingine za kujilinda. Anayetaka kuivunja ili apate habari za Serikali ajihadhari asije akaubomoa ukuta unaomsitiri yeye mwenyewe.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo iliweka mipaka miwili tangu mwanzo. Mpaka wa kwanza ni kwamba kinga ni mali ya mteja, si mali ya wakili. Mteja akiridhia siri itolewe, wakili hana la kuzuia. Mpaka wa pili ni kwamba kinga haisitiri mashauri yaliyofanywa kwa kusudi la kuvunja sheria. Anayemwendea wakili ili afundishwe namna ya kughushi hati hawezi baadaye kudai kwamba mazungumzo yao ni siri takatifu.

Hapo ndipo panapozuka tofauti baina ya raia na Serikali. Raia akienda kwa wakili, mteja ajulikana: ni yeye, na fedha anazolipa ni zake. Mwanasheria wa Serikali anapoandika ushauri, mteja wake ni nani? Ni waziri aliyeuomba? Ni katibu aliyeutia katika jalada? Waziri huja na kuondoka, na katibu huhamishwa. Mshahara wa mwanasheria hutoka katika kodi ya mkulima wa karafuu na ya mvuvi wa dagaa. Sisi twaona kwamba mteja wa kweli ni umma, na kwamba ofisa anayeishika siri ile anaishika kwa amana tu. Mshika amana hakatazwi kuifungia katika kabati. Lakini mwenye mali akimuuliza, hana budi kutoa sababu.

Ili tusidhaniwe kwamba twabishana juu ya maneno matupu, tutachukua mfano wa visiwa vilivyomo katika bahari yetu hii hii.

Visiwa vya Chagos viko katikati ya Bahari ya Hindi, kiasi cha kilomita 500 kusini ya Maldivi. Wenyeji wake ni wazao wa watumwa, wengi wao waliotolewa Msumbiji na Madagaska na kupelekwa huko tangu mwishoni mwa karne ya 18 kwa kazi ya minazi. Maisha yao hayangekuwa mageni kwa mtu wa Mafia au wa Pemba: kukausha mbata, kuvua samaki, kulea watoto na kuzika wazee wao. Tarehe 8 Novemba 1965 Serikali ya Uingereza ilivitenga visiwa hivyo na Morisi, ambayo ilipata uhuru wake tarehe 12 Machi 1968, ikavifanya koloni jipya. Desemba 1966 ilikubaliana na Marekani kwamba visiwa hivyo vitumike kwa mahitaji ya ulinzi, na baadaye kambi ya kijeshi ikajengwa Diego Garcia, kisiwa kikubwa kuliko vyote. Baina ya mwaka 1968 na 1973 wenyeji wote, kiasi cha watu 1,500 hadi 2,000, walitolewa wakapelekwa Morisi na Shelisheli.

Ulimwengu uliambiwa nini? Uliambiwa kwamba Chagos haikuwa na wenyeji, bali vibarua wa mikataba waliokwenda na kurudi. Maneno hayo yalikuwa na faida yake katika sheria. Kifungu cha 73 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa huitaka dola inayotawala watu wasiojitawala itoe taarifa za hali ya watu hao. Pasipokuwa na watu, hapana taarifa ya kutolewa.

Januari 1970 mshauri wa sheria katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza aliandika waraka juu ya sheria ya uhamiaji iliyokusudiwa kwa visiwa hivyo. Sehemu moja ya waraka aliipa kichwa chenye maana ya "kuudumisha uzushi", na uzushi wenyewe ni huo wa kusema kwamba watu wa Chagos si wakaazi wa kudumu. Alieleza kwamba kadiri watu hao watakavyozidi kukaa, ndivyo itakavyozidi hatari ya Uingereza kushutumiwa kwamba imeunda koloni dogo ambalo itapaswa kulitolea taarifa. Kwa hiyo, alishauri, sheria kali ya uhamiaji ingeitia nguvu hoja ya kwamba visiwa havina wenyeji. Mwaka 1971 sheria ikatoka: hapana ruhusa kwa mtu kuingia wala kukaa Chagos bila kibali. Mtu aliyezaliwa Peros Banhos, na babu yake kazikwa pale, akageuzwa mgeni kwa kalamu.

Sasa na tuupime waraka ule. Ulikuwa ushauri wa mwanasheria kwa wakubwa wake. Kwa kanuni ya kinga peke yake, ungeweza kudaiwa kuwa ni siri isiyoguswa. Lakini hapakuwa na waraka uliowahusu watu wa Chagos kuliko huo, kwani ndani yake mlikuwa na sababu ya wao kupoteza makwao. Kama ungesomwa Morisi au New York mwaka 1970, uzushi usingedumu hata mwezi.

Ulisomwa baada ya miaka 30. Sheria ya kumbukumbu ya Uingereza ya wakati ule iliruhusu majalada mengi ya Serikali yafunguliwe baada ya muda huo, na ndivyo nyaraka za Chagos zilivyoanza kuonekana. Mmoja wa wenyeji, Olivier Bancoult, aliyeondoka visiwani akiwa mtoto, aliifungulia kesi Serikali ya Uingereza mjini London. Tarehe 3 Novemba 2000 Mahakama Kuu, ikizinukuu nyaraka hizo katika hukumu yake, iliamua kwamba uwezo wa kutunga sheria kwa ajili ya amani, utaratibu na utawala mwema wa nchi hauwi uwezo wa kuwafukuza watu wa nchi hiyo.

Msomaji ayalinganishe hayo na yaliyotokea majalada yalipokuwa yamefungwa. Mwaka 1982 Serikali ya Uingereza ilikubali kutoa paundi milioni 4 kwa wenyeji waliokuwa Morisi, nao wakatakiwa watie saini, au dole gumba, katika fomu za Kiingereza cha kisheria za kuachilia madai yao. Upande mmoja wa meza ulikuwa na majalada. Upande wa pili ulikuwa na njaa. Mapatano ya namna hiyo hayawezi kuitwa mapatano baina ya watu walio sawa.

Wala kisa hakikuishia hapo. Baada ya hukumu ya mwaka 2000 uliagizwa utafiti kuona kama watu wangeweza kurudi, na taarifa ya mwaka 2002 ilisema kwamba kuwarudisha kungekuwa kwa gharama kubwa na mashaka mengi. Mwaka 2004 Serikali ilitoa amri mpya zilizozuia tena kurudi. Mwaka 2008 Baraza la Malodi lilizithibitisha amri hizo kwa kura tatu dhidi ya mbili. Ndipo mwaka 2012 zikatolewa rasimu za utafiti ule pamoja na maoni ya maofisa juu yake, ambazo majaji wa mwaka 2008 hawakuziona. Hizo hazikuwa barua za wakili na mteja. Zilikuwa karatasi za wataalamu juu ya maji, ardhi na bahari. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba zilipaswa kutolewa mapema, lakini majaji watatu kati ya watano waliona kwamba zisingebadili hukumu. Wawili waliona vingine. Hati inapochelewa, hata majaji hawaafikiani tena juu ya uzito wake.

Hatusemi kwamba nyaraka peke yake ziliwarudisha watu wa Chagos makwao. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kutengwa kwa visiwa hivyo hakukuwa halali, na tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Morisi zilitia saini mkataba juu ya mamlaka ya visiwa hivyo. Lakini hata katika hatua hizo za baadaye, hoja za wenyeji ziliegemea karatasi zilizokwisha kufunguliwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kwa miaka 30 kata ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Tunayajua majibu ya maofisa wetu, na tunayaheshimu. Watasema kwamba mwanasheria wa Serikali akijua kuwa kila alichoandika kitasomwa barazani, ataacha kuandika. Ushauri utatolewa kwa mdomo au kwa simu, na masijala itabaki na majalada matupu. Tena watasema kwamba Serikali yenye kesi mahakamani haiwezi kumwonyesha mdai karata zake kabla ya mchezo. Hoja hizi zina haki. Serikali inayoshitakiwa na kampuni kubwa juu ya mkataba inalinda mali ya umma, na siri ya wakili wake ni siri ya umma kwa maana njema. Hatuombi kabati lote livunjwe mlango.

Tunalosema ni kwamba mambo yaliyotokea kwingine yaonyesha kuwa mlango ukifunguliwa kwa sababu nzito nyumba haianguki. Huko Uingereza kwenyewe, ilikozaliwa kinga hii, Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000 iliikubali siri ya wakili, ila ikasema kwamba siri hiyo itapimwa katika mizani pamoja na manufaa ya umma. Mwaka 2008 baraza la rufaa za habari liliamuru utolewe ushauri wa kisheria waliouomba watumiaji wa njia za chini ya mto Mersey, karibu na Liverpool, waliotaka kujua kama fedha za ushuru wanaolipa zilitumika kwa haki. Baraza lilitazama kwamba fedha zilikuwa nyingi, watu wanaohusika wengi, na ushauri wenyewe umekwisha kuwa wa zamani.

Tena liko jambo la Iraki. Tarehe 7 Machi 2003 Mwanasheria Mkuu wa Uingereza alimwandikia Waziri Mkuu ushauri mrefu juu ya uhalali wa vita, akisema kwamba hoja ya uhalali yaweza kutetewa, lakini njia ya salama zaidi ingekuwa kupata azimio jingine la Umoja wa Mataifa. Siku kumi baadaye Bunge lilipewa jibu fupi lisilokuwa na mashaka hayo, na Wabunge wakapiga kura tarehe 18. Ushauri kamili ulitangazwa Aprili 2005, baada ya sehemu zake kuvuja. Aliyefichwa mashaka ya mwanasheria hakuwa adui. Alikuwa ni Bunge lenyewe lililoombwa kura. Desemba 2018 Bunge hilo, kwa kura 311 dhidi ya 293, liliitia hatiani Serikali kwa kulidharau, kwa sababu ilikataa kutoa ushauri kamili juu ya mapatano ya kutoka Umoja wa Ulaya. Siku ya pili yake ushauri ulitolewa, na wanasheria wa Serikali waliendelea kuandika.

Tukirejea kwetu, sheria hazikosekani. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 18, imempa kila raia haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha ya wananchi, na Katiba ya Muungano inasema vivyo hivyo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ilitungwa kwa ajili ya Tanzania Bara. Nayo huiruhusu ofisi kuzuia habari ambazo zingedhoofisha nafasi yake katika kesi iliyopo au inayotarajiwa. Kenya, katika sheria yake ya mwaka huo huo, ililinda siri ya kazi za kitaalamu kama uwakili, lakini ikaongeza mambo mawili ambayo twayaona ya hekima. La kwanza, habari yaweza kuamriwa itolewe ikiwa manufaa ya umma yanazidi madhara ya kuitoa. La pili, habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa si siri mpaka ofisi ithibitishe vinginevyo.

Watu wa Lamu wanajua thamani ya jambo hili. Walipoifikisha mahakamani Serikali ya Kenya juu ya ujenzi wa bandari mpya, Mahakama Kuu mwaka 2018 iliona kwamba, pamoja na mengine, haki yao ya kupata habari ilivunjwa, ikaamuru wavuvi kiasi cha 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wavuvi wale hawakuwa wakitaka siri za mawakili. Walitaka kujua bahari yao itafanywa nini, na kujua kabla ya kazi kuanza.

Kwa hiyo twatoa rai zetu, na twawaomba wahusika wazipime.

Kwanza, ushauri utengwe na habari. Ramani, vipimo, mikataba iliyokwisha kutiwa saini, taarifa za wataalamu na hesabu za fidia havigeuki kuwa siri ya wakili kwa sababu tu vimewekwa katika jalada moja na barua ya mwanasheria. Mhuri wa SIRI upigwe juu ya karatasi inayostahili, usipigwe juu ya jalada zima.

Pili, ofisa anayekataa kutoa hati kwa kisingizio cha siri ya wakili aandike sababu yake, na aonyeshe madhara gani yatatokea. Kukataa kwa mdomo si kukataa kwa sheria.

Tatu, uwepo mkono ulio nje ya ofisi ile, iwe ni tume au mahakama, wenye uwezo wa kuisoma hati faraghani na kuamua. Mwenye kuficha hawezi kuwa yeye huyo huyo mwamuzi wa kuficha.

Nne, siri iwekewe muda. Kesi ikiisha, na miaka ikipita, sababu ya siri nayo hupungua. Miaka 30 ya watu wa Chagos ilikuwa mingi mno. Wazee wengi walikufa ugenini kabla ya kusoma mstari mmoja.

Tano, Serikali inaposimama mbele ya wananchi au Baraza na kusema kwamba wanasheria wameshauri jambo fulani, isiruhusiwe tena kuuficha ushauri huo. Anayeutumia ushauri kama ngao hadharani ameutoa hadharani.

Hayo hayataondoa heshima ya ofisi. Yataiongeza. Raia anayepewa habari huweza kuukubali hata uamuzi unaomuumiza, kwa kuwa ameona ulivyofikiwa. Raia anayefichwa hatauamini hata uamuzi wa haki.

Tunatamani ifike siku ambayo yule mwananchi akienda ofisini kuuliza habari za shamba lake au za ufuo wake, karani atamjibu hivi: "Jalada liko kwa mwanasheria, na ushauri wake hatuwezi kukupa kwa sababu zilizoandikwa katika karatasi hii. Lakini ramani hii hapa, vipimo hivi hapa, na jina la aliyeomba eneo ni hili. Usiporidhika, mahali pa kulalamika ni pale." Jibu hilo litamchukua karani dakika chache zaidi. Kwa mwenye shamba, huenda likawa ndiyo tofauti baina ya kukaa kwake na kuhamishwa.